Hotuba ya Mama kwa Mwalimu Metafa

Baba yangu alianza kufundisha Kiingereza kabla sijazaliwa, na tatizo lake ni moja tu: hakukiacha shuleni. Wazazi wa wenzangu walirudi nyumbani na uchovu. Wa kwangu alirudi na tashbihi. Ukimwambia njaa inauma, anakuuliza inauma kama nini. Ukimjibu inauma kama njaa, anatikisa kichwa kwa huzuni ya mtu aliyelima shamba zima akavuna bua moja. Wanafunzi walimwita Mwalimu Metafa. Neno hilo, ambalo kwenye kipindi cha Kiswahili tuliliita sitiari, alilitaja kila siku ya Mungu, hata siku alizotumwa kusimamia mtihani wa somo jingine.

Mimi pia nilipita mikononi mwake mpaka kidato cha nne, nikatoka na alama ambazo yeye mwenyewe alizieleza kwa upole kuwa "zina nafasi ya kukua." Baada ya hapo nikaingia saluni ya mama. Mama ni msusi. Saluni yake ni chumba kimoja chenye viti viwili mbele ya vioo, sinki la kuoshea nywele, na benchi la wanaosubiri, ambao wengi wao hawasubiri chochote, wamekuja kusikia habari. Kazi yangu ni kuosha vichwa, kufagia nywele, na kuongea. Hiyo ya mwisho hakuna aliyenipa, ila ndiyo ninayoifanya kwa bidii zaidi, ndiyo maana mama ananiita Kidomo.

Basi ilikuwa mchana wa joto, wiki chache kabla ya baba kustaafu, na kwenye sinki alikuwa amelala mwalimu wa hesabu wa shule ya baba. Huyu mama anafundisha hesabu lakini mdomoni hana kipimo. Na ndiye aliyepewa kupanga ratiba ya kumuaga baba.

Nieleze kwanza. Idara ya Kiingereza ya shule ile ina utaratibu wake. Mwalimu wake akistaafu, mume au mke wa mwalimu huyo hupanda jukwaani kusema maneno machache mbele ya shule nzima. Kwa Kiingereza. Mlangoni kwa idara kuna kibandiko kinachokataza lugha nyingine zote, na siku ya kuagana hubanduliwa kikahamishiwa ukumbini, kisije kikasahaulika.

"Kwa kweli wewe una bahati," mwalimu wa hesabu alimwambia mama, macho yamefumbwa, povu limejaa masikioni. "Mimi ule ukumbi siuwezi. Watoto wote wale wanakutazama! Afadhali Mwalimu mwenyewe alivyoomba usiwekwe."

Mikono yangu ikasimama kichwani mwake. Ya mama, iliyokuwa ikimsuka mteja mwingine kwenye kiti cha pili, haikusimama.

"Nani aliomba?" mama aliuliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia bei ya vitunguu.

"Si mumeo? Alikuja ofisini, akasema kwenye ratiba mke wangu msimweke, nawaomba sana. Nami nikaona..." Hapo alifumbua jicho moja, akaniona nilivyomkodolea. "Kwani hukujua?"

"Nilijua," mama alisema. "Kidomo, mtoe mwalimu povu, litamwingia mdomoni."

Wateja walipokwisha, mama alikaa kwenye kiti cha wateja, jambo ambalo halifanyi. Alijitazama kiooni. Nikajaribu kumchekesha, nikasema labda baba anaogopa mama atapigiwa makofi kuliko yeye. Hakucheka.

"Ananionea aibu," alisema.

"Mama, acha."

"Niache nini? Mimi niliishia darasa la saba. Yeye marafiki zake wanaongea kama redio ya nje. Nimewapikia, nimewakaribisha, nimewasikiliza wakicheka vitu nisivyovielewa, na mimi nikacheka nyuma yao kidogo ili nisionekane. Sikuwahi kufikiri kwamba ananiona nikifanya hivyo." Alivuta droo, akaifunga tena bila kutoa kitu. "Kama ananionea aibu, nataka nijue. Na kama hanionei, hilo nalo nataka nijue."

"Muulize."

"Baba yako? Nikimuuliza atanijibu kwa mafumbo, nitakwenda kulala sijajua kama nimetukanwa." Akageuza kiti, akanitazama. "Nitapanda hapo jukwaani. Nitaongea hicho Kiingereza chake, na nitamtazama usoni wakati naongea. Uso hauhitaji kamusi. Wewe niandikie hotuba. Weka zile tashi zake zote."

"Tashbihi."

"Weka zote."

Mwalimu wa hesabu alipoombwa amwingize mama kwenye ratiba kimyakimya, alikubali haraka, kama mtu aliyekanyaga mguu wa mwenzake kwenye foleni. Ikabaki kazi yangu. Fikiria: mwanafunzi mwenye nafasi ya kukua, amepewa kumfundisha mama yake mbinu za lugha, kwa lugha ambayo mama anaijua kwa maneno ya kwenye makopo ya mafuta ya nywele.

Tulianza alasiri iliyofuata, saa ambayo saluni huwa haina mtu.

"Tashbihi," nilisema, nimeshika kitana kama fimbo ya ubaoni. "Unafananisha kitu na kitu. Mume wangu ni kama mnara wa taa."

"Mnara wa taa ndiyo nini?"

"Jengo refu, linamulikia watu gizani wasipotee."

"Baba yako?" Mama alicheka mpaka akashika ukingo wa sinki. "Umeme ukikatika, huyo ndiye wa kwanza kuita, Bibie uko wapi, Bibie uko wapi!"

Nikaukata mnara. Nikaingia kwenye sitiari, ambayo huondoa neno "kama" na kumgeuza mtu kuwa kitu chenyewe. "Mume wangu ni simba."

"Simba anayepanda kitandani akiona mende?"

"Mama, si kwamba ni kweli. Ndiyo utamu wake."

"Sikiliza, Kidomo. Mimi mteja akiniuliza nywele zake zitafika wapi, namwambia begani. Nikimwambia kiunoni, kwa ajili ya utamu, kesho anarudi na dada zake."

Chuku nayo ikagonga mwamba. Nilikuwa nimeandika kwamba alimsubiri baba atoke kazini kwa miaka elfu moja, mama akauliza kwa nini nautangaza umri wake. Kwenye tashihisi nilizipa chaki uhai, zikamlilia mwalimu wao. Mama akanikumbusha kwamba siku hizi wanaandika kwa kalamu kwenye ubao mweupe, na kalamu ikilia ni wino huo, nani atafua? Kisha nikamwekea ile mbinu ya maneno yanayofuatana kwa herufi moja, ambayo Waingereza wanaipenda kama watoto wanavyopenda peremende. Nilizipanga sifa za baba mfululizo, zote zinaanza na p. Mama alipofika ya mwisho kioo kilikuwa kimelowa mate.

"Hii tunaiacha," alisema, akichukua kitambaa. "Walio safu ya mbele hawana kosa."

Ila alikuwa anashika. Alifagia akinong'ona, alipika akinong'ona. Jioni moja baba alimkuta uani anaanika nguo huku midomo inacheza, akadhani anasali. Akarudi ndani kwa kunyata, akazima redio.

Siku ya mbinu ya kupunguza ndiyo siitoi kichwani.

"Hii ndiyo wanayoipenda kuliko zote," nilimwambia. "Kitu kikiwa kikubwa, unakisema kidogo. Nyumba imeungua yote, wewe unasema kuna joto kidogo. Chakula kitamu mpaka unataka kulia, wewe unasema si kibaya."

Mama alikuwa anakunja mataulo. Akaacha.

"Rudia."

"Nyumba imeungua..."

"Si nyumba. Chakula."

"Chakula kikiwa kitamu sana, unasema si kibaya. Ndiyo sifa ya juu kabisa, mama. Darasani kwetu, ukiandikiwa 'si mbaya' kwenye insha unaikimbiza mpaka nyumbani. Mimi mwenyewe sikuwahi kuipata."

Aliweka taulo kwenye paja, akalilainisha kwa kiganja, ingawa lilikuwa halina kunyanzi.

"Siku ya kwanza nilipompikia baada ya kuoana," alisema polepole, "alikula, akafuta mdomo, akasema si kibaya. Nililia jikoni. Harusi ya dada yangu mdogo, nilivaa gauni la kijani, alinitazama juu mpaka chini, akasema si baya. Nikalivua. Nikaenda harusini na la kawaida."

"Mama!"

"Na siku uliyozaliwa wewe. Nesi alimpa, akakushika hivi, akakutazama muda mrefu mpaka nesi akamuuliza kama kuna tatizo. Akasema, 'Si mbaya.' Nikajisemea moyoni, basi, alitaka wa kiume."

"Alikuwa analia kwa furaha, mama. Ila kwa Kiingereza."

Nilitegemea acheke. Alibaki ameshika lile taulo, anatazama mlangoni kana kwamba kuna mtu amesimama pale, na hakuwepo mtu.

"Gauni lile lilinipendeza," alisema mwishowe. "Nilijua mimi lilinipendeza." Kisha akaniinulia macho. "Lakini hili la ratiba je? Alisema msimweke, nawaomba sana. Hapo amesema kikubwa kwa udogo, au kidogo kwa ukubwa? Mbinu gani hiyo?"

Nikaokota ufagio, nikafagia mahali nilipokwisha kufagia. Wanaonijua wataelewa uzito wa ufagio huo.

Mwishoni hotuba ilibaki fupi. Niliifunga kwa vitu vitatu, maana Kiingereza kinapenda vitatu vitatu: viwili havitoshi, na vinne vinakuwa mahitaji ya sokoni. Yeye ni mwalimu, yeye ni baba, yeye ni hazina. Hiyo hazina mama hakuipenda. Alisema inamkumbusha ofisi ya serikali. Lakini tulitafuta neno jingine mpaka tukachoka, akasema haya, wewe ndiye uliyesoma. Karatasi alikataa kubeba. Alisema mtu hamsomi mume wake kwenye karatasi.

Siku ikafika. Ukumbi ulijaa mpaka madirishani, mafeni yanazungusha joto lilelile. Wanafunzi wamebanana kwenye viti vya plastiki, walimu kwenye mabenchi ya pembeni, na meza kuu imefunikwa kitambaa cheupe ambacho nadhani ni shuka. Baba alikaa katikati, koti lake la kahawia, hotuba yake imekunjwa mfukoni mwa kifua. Mama alikaa nami safu ya mbele kwa familia. Alivaa gauni la kijani. Si lile la zamani, ambalo lisingepita hata kichwani, alishonesha jingine, na baba asubuhi alipoliona alifungua mdomo, mama akamwambia, "Najua. Nimesikia," kabla hajasema neno. Baba akabaki ameduwaa kwenye mlango wa bafu na mswaki wake.

Mwalimu wa hesabu alishika kipaza sauti. Akasema sasa tunamkaribisha mke wa mwalimu wetu aseme machache.

Mimi nilikuwa namtazama baba, ndiyo kazi aliyonipa mama mpaka yeye afike jukwaani. Alitazama ratiba mezani, akamtazama mwalimu wa hesabu, akamtazama mama anayenyanyuka, na uso wake ukafunga. Sina neno jingine. Ulifunga kama duka lililosikia ghasia barabarani. Akashika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili.

Na mama alimwona. Alikuwa ameshafika kwenye ngazi za jukwaa, mguu mmoja juu, akamwona. Nilijua kilichompitia moyoni, maana kilinipitia na mimi: basi, ni kweli. Mtu mwingine angerudi kuketi. Mama alipanda.

Alianza kwa kuwasalimu. Nawaandikia kwa Kiswahili, lakini kumbukeni yote aliyasema kwa Kiingereza, na Kiingereza chake kilitoka kizito, kila neno linashuka peke yake kama abiria mwenye mizigo. Makosa yalikuwepo. Ni mama yangu, sitayaorodhesha. Alipofika kwenye chaki zinazolia, maana chaki tulizibakiza, kwenye benchi la walimu mtu alikohoa kile kikohozi ambacho si cha kifua. Mama alikisikia. Shingo yake ilisimama kidogo, akaendelea.

"Yeye ni mwalimu," alisema. Vizuri.

"Yeye ni baba." Vizuri sana.

"Yeye ni..."

Hazina ikakimbia. Niliiona inavyomkimbia. Alifungua mdomo, akaufunga, akaufungua, na ile "ni" ikabaki inaning'inia hewani juu ya vichwa vya watu wote.

Sasa hapa lazima mjue jinsi baba anavyofundisha. Hamalizi sentensi. Anaifikisha karibu na mwisho, anapandisha sauti, anaiacha, na darasa linaimalizia kwa kelele. Jua huchomoza upande wa ma...? Tashbihi hutumia neno ka...? Ndivyo anavyojua nani yuko macho. Ukumbi mzima ulikuwa umelelewa hivyo. Kwa watoto wale sentensi isiyokwisha ni kama mtu anayepiga chafya: huwezi kukaa kimya.

"Mume!" wakapiga kelele mamia kwa pamoja.

"Shujaa!" upande wa wasichana.

"Metafa!" nyuma kabisa, na ukumbi ukaangua kicheko.

"Mti!" akaita mmoja wa kidato cha kwanza, ambao wiki hiyo ndiyo kwanza walikuwa wanafundishwa sitiari.

Mama alishtuka, akarudi nyuma hatua moja. Nikajua amekwisha. Lakini akawatazama watoto wale, wote wamejiinua kwenye viti wanangoja kuona kama amekubali au amekataa, na nikaona mabega yake yanashuka. Kilichokuwa mbele yake hakikuwa ukumbi tena. Lilikuwa benchi la saluni, refu tu kidogo.

"Hapana," alisema. "Si mti."

"Jua!"

"Hapana."

"Kiyoyozi!"

"Ningefurahi sana," mama alisema, akijipepea kwa mkono, na hata mkuu wa shule alicheka. Kisha mama akainua kiganja, taratibu, kama anavyowafanyia wateja wakizidi kelele, na wakatulia.

"Yeye ni mtu ninayemkata nywele," alisema.

Hilo sikumwandikia mimi.

"Akikaa kwenye kiti, kwanza anaongea. Anasahihisha redio. Anasahihisha gazeti. Ananisahihisha mimi. Kisha naweka mkono hapa." Akaweka kiganja nyuma ya kichwa chake mwenyewe, chini, pale shingo inapoanzia. "Na analala. Usiku nyumbani halali vizuri. Anafikiria madaftari yenu. Anafikiria nani amefeli, kwa nini amefeli. Lakini mkono wangu ukiwa hapa, analala. Mimi nasimama. Miguu inauma. Nywele nimeshamaliza. Mkono siuondoi."

Feni zilisikika.

"Kuanzia kesho hana madaftari. Labda usiku atalala. Lakini mkono nitaweka." Akafikiri kama kuna zaidi. "Ni hivyo tu," akasema, akashuka.

Hakukuwa na tashbihi hata moja pale. Nilitafuta. Makofi yalichelewa kuanza, na yalipoanza yalikuwa ya wanafunzi. Walimu walifuata baadaye, na yule wa kikohozi alikuwa anahangaika na kitambaa chake cha pua.

Ikafika zamu ya baba. Alisimama, akatoa hotuba yake mfukoni, akaikunjua, kurasa kadhaa zilizopigwa chapa, nzuri, nilimsikia akizifanyia mazoezi bafuni. Aliitazama ya kwanza. Alitazama chini alipoketi mama. Akazikunja tena zote, akazirudisha mfukoni, na akakosa mfuko mara ya kwanza.

"Asanteni," alisema kwa Kiswahili, chini kabisa ya kibandiko. "Mke wangu amemaliza."

Akaketi. Mwalimu wa hesabu alitazama kibandiko, akatazama dari, akasema sasa twende kwenye vinywaji.

Nyinyi mngefikiri yameishia hapo, nami nilifikiri hivyo. Lakini mama hakupanda jukwaani ili watu wamsikitikie. Alikuwa na swali, na alichokiona kwenye ile meza kilikuwa bado kinamkwaruza.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, maana si mbali. Wao wawili mbele, mimi nyuma nimebeba zawadi ya shule, saa kubwa ya ukutani. Mtu amestaafu, mnampa saa, awahi wapi? Nilikuwa nimeandaa maneno hayo niyaseme, nikaona mgongo wa mama, nikayameza.

"Mwalimu," mama alisema.

"Naam, Bibie."

"Uliomba nisiwekwe kwenye ratiba."

Baba alipunguza mwendo. "Nani kakwambia?"

"Povu. Jibu."

"Bibie, ilikuwa kama vile..."

"Bila kama."

"Unajua, mimi ni..."

"Na sitiari sitaki. Sema."

Nikacheka. "Kidomo, tembea," wakasema wote wawili, na wala hawakugeuka.

Baba alilegeza tai, tukapita duka la kona. Mtu huyu ametufundisha maisha yake yote jinsi ya kusema, na sasa alikuwa anatafuta jinsi ya kusema kama anayetafuta funguo gizani.

"Masikio yangu yameharibika," alisema. "Mtu akiongea Kiingereza, mimi sisikii anachosema. Nasikia makosa. Nimejaribu kuacha, siwezi. Unamkumbuka rafiki yangu wa maktaba, tulipomzika? Mwanawe alisimama akasoma wasifu wa baba yake, analia. Watu wote wanalia. Mimi nilikuwa nahesabu. Nilikwenda kumzika rafiki yangu nikamsahihisha mtoto wake." Akakohoa. "Nikawaza, mke wangu atasimama aniambie neno ambalo pengine ataniambia mara moja tu maishani, na mimi nitakuwa nimekaa pale nahesabu. Na wewe unanijua uso. Utaniona. Sikukuonea aibu wewe. Sijawahi. Nilijiogopa mimi."

Mama alihamisha mkoba kutoka bega hili kwenda lile. Tulipita geti la kijani, tukapita mbwa wa jirani ambaye hubweka kila siku na siku hiyo akaona atuache.

"Kwa hiyo ulivyoshika meza vile..."

"Nilikuwa nayaziba masikio. Mikono ndiyo ilikuwa haifiki."

"Na ulihesabu?"

Baba, nilimwomba kimoyomoyo, nikiikumbatia saa kifuani. Danganya. Leo tu. Tumia mbinu yoyote.

"Nilihesabu," baba alisema. "Mawili ya mwanzo. Halafu wakaanza mambo yao ya miti na viyoyozi, na wewe ukaanza habari za nywele." Akasimama pale pale kando ya barabara, akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai, akaivaa ikiwa chafu zaidi. "Nikapotea. Sijui yalikuwa mangapi. Sijui kama yalikuwepo. Nilikuwa nakusikia wewe."

Mama alimtazama uso, karibu, kama anavyoutazama mstari wa nywele kabla ya kushika mkasi. Alichukua muda wake. Kilichokuwa kinamkwaruza nilikiona kinaondoka, na ameshaanza kutabasamu, akakunja uso ghafla.

"Mawili yapi?"

"Sikwambii."

"Mwalimu! Niambie, nisiyarudie."

"Nimestaafu," baba alisema.

Mama akamtandika kwa mkoba begani, si kwa nguvu, kisha akamshika mkono, wakavuka barabara bila kunisubiri.